Nani Aliandika Jina la Mti? Dawa za Kinywa na Historia ya Usambara

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Muheza, aliniletea andiko la utafiti wake nilipitie kabla hajaliwasilisha. Alikusudia kukusanya mimea ya Usambara Mashariki ambayo wazee huitumia kusafisha kinywa, kutuliza jino na kuponya vidonda vya ufizi, kisha kuipeleka maabara ili kuona kama maji yake yanaua bakteria na fangasi wa kinywani. Mimi si mtu wa maabara, nafundisha historia. Alichotaka kwangu ni sura ya usuli tu. Katika ukurasa wa pili nikakuta sentensi hii: mimea hii haijawahi kuchunguzwa. Nikaandika pembeni: "Si kweli. Uliza imechunguzwa na nani, kwa faida ya nani, na daftari liko wapi."

Kesho yake akaja ofisini. "Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma ulichoandika, lakini sijakielewa." Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kipindi kilikuwa kinaanza. Makala hii ni jibu langu refu, nami nalitoa hadharani kwa kuwa sentensi ile si yake peke yake. Huikuta katika maandiko ya wanafunzi wengi, katika ripoti za miradi, hata katika hotuba za viongozi. Kila kizazi hutangaza kwamba utafiti wa miti ya dawa ndio kwanza unaanza, nami naamini kutangaza hivyo ni sehemu ya tatizo.

Tuanze na meno yenyewe, maana katika milima ya Usambara meno yalikuwa habari ya kisiasa kabla hayajawa habari ya hospitali. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa kwa sehemu na misheni ya UMCA kule Magila, Muheza, karibu na mwanzo wa karne ya 20, anamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu na kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara. Mbegha alikuwa kigego: mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Katika jamii nyingi za ukanda huu kigego alihesabiwa kuwa mkosi, na mara nyingi hakuachwa aishi. Mbegha aliishi, akafukuzwa kwao, akapanda milima na mbwa wake wa kuwindia, na nchi ikampokea kama mfalme. Mtu aliyedhaniwa kuwa hatari kwa sababu ya meno yake ndiye aliyeanzisha utawala ambao Washambaa waliutazamia kazi ya kuiponya nchi. Kwa lugha yao, kuzifya shi.

Simulizi hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kinywa cha mtoto kilitazamwa kwa makini na jamii nzima, na penye macho mengi hivyo maarifa hukusanyika. Pili, maarifa hayo yalikuwa na pande mbili: palikuwa na uangalizi, na palikuwa na hofu iliyoweza kuua. Nitaurudia upande huu wa pili, kwa sababu wapenzi wa tiba asili huupita kimya kimya.

Sasa tulitazame neno mswaki. Asili yake ni Kiarabu, na kwa Waislamu wa pwani kusugua meno kwa kijiti ni suna. Lakini katika Kiswahili neno hili limefanya safari ya ajabu. Mswaki ni mti, ule ambao wataalamu huuita Salvadora persica, unaopenda nchi kavu na udongo wa chumvi. Mswaki ni kijiti cha mti wowote unaofaa kutafunwa ncha hadi iwe nyuzi. Mswaki ni brashi ya plastiki ya dukani. Kifaa kipya kimerithi jina la mti, kama mpangaji aliyeachiwa nyumba na jina la mwenye nyumba. Na ile rojo tunayoipaka juu yake tunaiita dawa ya meno. Wala hatuiiti sabuni. Msemaji wa Kiswahili, tangu mwanzo, alitambua kwamba kusafisha kinywa ni tiba.

Je, alikuwa sahihi? Kwa mti wa mswaki jibu tunalo. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi Sweden waliweka vipande vya mti huo katika sahani za maabara zilizooteshwa bakteria wa kinywani. Vipande hivyo viliwazuia bakteria hata vilipoinuliwa juu ya sahani bila kuigusa. Maana yake ni kwamba kuna kitu ndani ya mti kinachoruka kama mvuke. Miaka mitatu baadaye walikitaja: ni kemikali ya jamii moja na ile inayoipa haradali ukali wake. Nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi kwa bakteria wanaoharibu ufizi, na pungufu kwa wale wanaotengeneza tindikali ya kutoboa meno. Tofauti hiyo ni muhimu. Mtu anaweza kutumia mswaki wa mti na kuwa na ufizi imara, lakini akila sukari asubuhi hadi jioni meno yake yatatoboka vilevile, kwa sababu bakteria wa ukoga hugeuza sukari kuwa tindikali, na tindikali ndiyo inayokula jino. Shirika la Afya Duniani, tangu miaka ya 1980, lilihimiza matumizi ya vijiti hivi mahali ambapo ni desturi. Mwaka 2000 wataalamu wakakubaliana kwamba utafiti zaidi unahitajika. Hakuna aliyesema vijiti ni ushamba. Hilo tulilisema wenyewe.

Usambara na nyika zinazoizunguka zina miti mingine. Upo mjafari, wenye miiba minene kwenye gome, ambao gome na mizizi yake hutumika kwa maumivu ya jino; ukiitafuna, ulimi huwasha kisha hufa ganzi. Upo ndugu yake, ambaye jina lake la kitaalamu ni Zanthoxylum usambarense: mti uliobeba jina la milima yetu hadi katika vitabu vya dunia, na ambao vijiti vyake ni miswaki huko Kenya. Upo mjavikali, wenye majani ya harufu kali, ambao waganga wa Temeke, Dar es Salaam, wameripotiwa kuutumia kwa utando mweupe wa kinywani. Upo pia mwarobaini, mgeni kutoka Asia ambaye tumemzoea hadi tumemsahau ugeni wake.

Hapa ndipo Amani inapoingia. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha kule Amani, juu ya Muheza, taasisi ya biolojia na kilimo iliyokuwa miongoni mwa taasisi kubwa za aina yake barani Afrika. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Baadaye akafuata Albrecht Zimmermann. Mwaka huohuo mtaalamu wa mimea Adolf Engler, kutoka Berlin, alizuru Usambara. Wakusanyaji kama Carl Holst walikuwa wamekwisha kupita katika miaka ya 1890, wakibeba matawi yaliyokaushwa kuyapeleka Ulaya. Miti iliyokuwa na majina ya Kishambaa na Kibondei ikapewa majina ya Kilatini, mengine ya kuwaheshimu wakusanyaji. Amani ikapanda mikwinini, mipira, kahawa, na mamia ya mimea kutoka nchi za joto za dunia nzima. Swali lake kuu lilikuwa moja: nini kitalipa?

Ilikuja vita ya mwaka 1914. Meli za Waingereza zikafunga pwani, na koloni likakosa bidhaa za Ulaya. Hapo Amani ikageuka kiwanda. Takwimu za miezi 18 ya mwanzo ya vita zimehifadhiwa, na kila ninapozisoma hucheka kidogo kabla ya kunyamaza. Kutokana na mazao yake yenyewe taasisi ilitengeneza aina kadhaa za dawa. Ilitoa chupa zaidi ya 15,000 za pombe kali, chokoleti na kakao kwa maelfu ya ratili, vipande 10,000 vya sabuni na, zingatia hili, paketi zaidi ya 2,600 za unga wa kusafishia meno. Kwinini ya majeshi pia ilitoka katika magome ya milima hii.

Nimemwambia mwanafunzi wangu alitafakari jambo hilo. Zaidi ya miaka 100 kabla ya andiko lake, katika wilaya yake mwenyewe, kulikuwa na maabara iliyoweza kuchukua mimea na kutoa dawa ya meno kwa maelfu ya paketi. Uwezo ulikuwepo. Majengo yalikuwepo. Watu waliobeba magome, waliotwanga, waliochekecha na waliofunga paketi walikuwepo, na sitarajii kwamba walikuwa Wajerumani. Lakini unga ule ulitengenezwa kwa ajili ya askari na walowezi waliokosa bidhaa za kwao. Haukuwa jibu la swali la Mbondei wala Mshambaa mwenye jino bovu. Bahari ilipofunguka, haja ikaisha, na kiwanda kikaisha nayo. Somo la kwanza la Amani ndilo hilo: sayansi hufuata swali la anayelipa.

Waingereza walifika Amani mwaka 1916. Baada ya miaka ya kudorora, mwishoni mwa miaka ya 1920 waliifufua kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Humo alifanya kazi P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea ambaye mwaka 1937 alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza. Kitabu hicho ni hazina. Mimi mwenyewe ninakitumia. Lakini kamusi ya namna hiyo hutupa jina la mti bila kutupa mtu aliyelitamka. Mzee aliyesimama njiani akasema "huu ni mjafari, sisi huutumia kwa jino" hupotea, na hubaki neno moja mbele ya neno la Kilatini. Tunajua jina la anayeandika. Jina la anayefundisha hatulijui.

Hapakuwa na sababu nyingi za mzee huyo kujitokeza. Mwaka 1928 serikali ya Tanganyika ilikuwa imetunga Sheria ya Uchawi. Kwa macho ya mtawala aliyetoka mbali, mstari kati ya mganga na mchawi haukuwa wazi, na kifuko cha mizizi kingeweza kuwa dawa au kuwa kidhibiti mahakamani. Fikiri hali ya mganga wa Usambara wakati huo: juu mlimani kuna wazungu wanaoulizia miti yake kwa hamu, chini bomani kuna sheria inayoweza kumfunga kwa kuitumia. Ujuzi wake unatakiwa na yeye mwenyewe anashukiwa. Sishangai kwamba wengi walichagua kunyamaza, na kunyamaza huko tumekuja kukuita "usiri wa waganga," kana kwamba ni tabia yao ya kuzaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa ukaenda Nairobi. Majengo ya Amani yakakabidhiwa utafiti wa malaria, kazi ambayo baada ya uhuru ilirithiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa mwaka 1979. Utafiti wa malaria uliofanywa Amani na Muheza umeokoa maisha ya watu, na siudharau hata kidogo. Nasema tu kwamba kwa upande wa mimea ya dawa daftari lilifungwa, likapandishwa gari, likaondoka. Mwanafunzi wa Muheza anayetaka kuona tawi lililokatwa Muheza miaka ya 1930 ataambiwa aende Nairobi, au Ulaya.

Uhuru ulileta swali jipya. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi kamili. Mwaka 1982 na 1983 Watanzania, miongoni mwao Keto Mshigeni na E. N. Mshiu, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walichapisha orodha ya mimea ya tiba ya Tanzania. Mkenya John Kokwaro alikuwa ametoa kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976. Kisha ukaja UKIMWI, na kinywa kikarudi mbele kwa namna ya kutisha. Utando mweupe wa fangasi mdomoni, ambao mtu mwenye kinga imara huutema bila kuutambua, ukawa mateso ya mgonjwa asiyeweza kumeza hata uji. Dawa za hospitali zilikuwa ghali au hazikuwepo. Mkoani Tanga, kuanzia mwaka 1990, madaktari na waganga waliketi meza moja katika shirika lililojulikana kama Tanga AIDS Working Group, na mimea ya waganga ikatumika kuwahudumia wagonjwa. Kwa mara ya kwanza swali lilitoka kwa mgonjwa wa hapa na kujibiwa na mjuzi wa hapa.

Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Muhimbili na Uholanzi lilichapisha matokeo ambayo kila mwanafunzi wa eneo hili anapaswa kuyajua. Walichukua spishi 56 za mimea ya Tanzania inayotumika kwa maradhi ya fangasi, wakazijaribu dhidi ya fangasi, wakiwemo wale wanaoleta utando wa kinywani. Spishi 25 zilionyesha nguvu. Miongoni mwa zilizokuwa na nguvu zaidi ulikuwepo mjavikali, na mjafari pia. Waganga hawakuwa wakibahatisha. Na tazama majina mengine mawili katika orodha ileile ya washindi: Turraea holstii, wa Holst yule mkusanyaji, na mgunga wenye jina usambarensis. Sayansi ilipogeuka hatimaye na kuuliza swali letu, ilibidi ilijibu kwa majina yaliyoandikwa na wageni wa miaka ya 1890.

Sasa niwageukie wale ambao hadi hapa wanatikisa kichwa kwa kuridhika, wakisema nimethibitisha kwamba dawa ya babu inatosha. Sijathibitisha hivyo. Kwanza, sahani ya maabara si kinywa. Katika utafiti wa 2006 mimea ilikamuliwa kwa methanoli, kemikali ambayo ni sumu kwa mtu. Bibi yetu hukamua kwa maji au hutafuna. Kinachotoka kwa methanoli si lazima kitoke kwa maji. Kinywani kuna mate yanayoosha, kuna chakula, na bakteria hawaelei mmoja mmoja, bali wamejishikiza katika ukoga mgumu kupenya. Kiini kinachoua katika sahani kinaweza kushindwa juu ya jino. Matokeo ya maabara ni mlango wa utafiti, si cheti cha duka la dawa.

Pili, cha asili si lazima kiwe salama. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980, iliuzwa dawa ya meno iitwayo Viadent, yenye kiini cha mmea kinachoitwa sanguinarini, kilichosifiwa kwa kuwazuia bakteria wa ukoga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa magonjwa ya kinywa waliihusisha na mabaka meupe ya kinywani yanayohofiwa kuwa dalili ya mwanzo ya saratani, na kiini hicho kikaondolewa. Ninaitaja habari hii kwa sababu mjafari na ndugu zake wana viini vya jamii hiyohiyo ya kemikali. Sisemi mjafari unadhuru. Nasema anayetaka kuusindika na kuuza kwa watu wautumie kila asubuhi kwa miaka 30 ana deni la kuthibitisha kwamba haudhuru. Kutafuna kipande jino linapouma ni jambo moja, kukipaka kila siku ni jambo jingine.

Tatu, ule upande wa hofu nilioutaja katika habari ya kigego haujafa. Katika miaka ya 1980 ilienea nchini imani ya meno ya plastiki, au meno ya nailoni: mtoto mchanga akipata homa na kuhara, husemwa kwamba chini ya ufizi wake kuna meno ya ajabu, naye hupelekwa kwa mganga kung'olewa vijino ambavyo bado havijachomoza, au kusuguliwa dawa za majani kwenye ufizi. Madaktari wa meno wa Tanzania waliandika juu ya madhara yake katika miaka ya 1990: majeraha, maambukizi, na meno ya kudumu yaliyoota yakiwa mabovu. Mkono unaojua mti wa kuponya ufizi unaweza kuwa mkono uleule unaompasua mtoto ufizi. Anayetaka kuiheshimu tiba asili aitazame yote, aikubali kwa ushahidi na aikatae kwa ushahidi. Kuisifu yote bila kuichunguza ni dharau ya aina nyingine, kwa sababu ni kuwachukulia wajuzi wake kama watoto wasioweza kukosolewa.

Basi tufanyeje? Historia inatupa mifano miwili iliyo karibu. Wa kwanza ni karafuu. Tangu karne ya 19 Zanzibar imeuza karafuu duniani, na mafuta yake hutoa yujenoli, kiini ambacho madaktari wa meno hukichanganya na unga wa zinki kutuliza na kuziba jino kwa muda. Ile harufu ya chumba cha daktari wa meno, London au Dar es Salaam, ni harufu ya Pemba. Hiki ni kiini cha mmea kilichokamilisha safari yote: kutoka kijijini hadi maabara, kutoka maabara hadi kwenye kiti cha mgonjwa. Lakini kwa miaka mingi tuliuza zaidi karafuu kavu kwa magunia, na thamani kubwa ikaongezwa kwingine. Kiwanda cha serikali cha kukamua mafuta kule Wawi, Pemba, ni ushahidi kwamba jambo linawezekana. Ni ushahidi pia kwamba kiwanda kimoja hakitoshi.

Mfano wa pili ni mwarobaini. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Wanaharakati wa India na Ulaya, akiwemo Vandana Shiva, walipinga. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Walishinda kwa ushahidi: walionyesha kwamba matumizi hayo yalikuwa yamejulikana na kufanywa India kabla ya ombi la hataza. Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu walizingatie hilo. Hasira peke yake isingefuta hataza ile. Kilichoifuta ni maarifa yaliyoweza kuthibitishwa kuwa yalitangulia, na yenye mahali yanapopatikana.

Sisi tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na tunalo Baraza lake. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali vya utafiti. Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma ambao ombi la kukusanya mimea ya Usambara linapita mezani kwao waulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. La kwanza: je, mti umeandikwa kwa jina la wenyeji, Kishambaa au Kibondei, pamoja na la Kilatini? La pili: je, aliyeuonyesha ametajwa, kwa ridhaa yake, kama mwenye maarifa na si kama "mtoa taarifa" tu? La tatu: nakala ya matokeo itarudi wapi, kwa lugha gani, na lini? Ripoti ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam haijarudi Muheza. La nne: je, ikiwa mti utatakiwa kwa wingi, nani ataupanda? Anayechimba mizizi na kubandua magome mwaka baada ya mwaka huua mti, na mti uliokufa haumpi mtu dawa wala jina.

Maswali haya si ya kumzuia mtafiti. Yanamlinda mwenye jino linalouma, na huyo ndiye anayesahauliwa kwa urahisi zaidi. Katika zahanati nyingi za vijijini jino lililooza lina tiba moja: kung'olewa, na hata kwa hilo mtu husafiri. Kama kuna kijiti kinachoweza kulinda ufizi wa mtoto kabla hajafika huko, ana haki ya kukijua. Kama kuna majani yanayomdhuru, ana haki ya kuonywa. Haki zote mbili zinategemea utafiti ambao majibu yake yanamfikia.

Mwanafunzi wangu amerudi kutoka likizo. Alikwenda kwa bibi yake na daftari, na bibi, kabla ya kumtajia mti hata mmoja, alimwambia kwamba miaka mingi iliyopita walikuja wengine wakaandika, hawakurudi tena. "Nikamwahidi kwamba mimi nitarudi, Mwalimu," aliniambia. Nilimkumbusha kwamba ahadi hiyo sasa ni sehemu ya utafiti wake, sawa na sahani za maabara. Ile sentensi ya ukurasa wa pili ameifuta. Badala yake ameandika: mimea hii imechunguzwa mara nyingi, lakini walioionyesha bado hawajapewa majibu. Pembeni sikuandika kitu.